Mhusika Aliyeachwa Aishi

Gairo ilipokuwa ingali sehemu ya wilaya ya Kilosa, kabla ya kufanywa wilaya mwaka 2012, vitabu vya hadithi vilitufikia kwa mabasi ya barabara kuu iendayo Dodoma, aghalabu vikiwa vimekwisha kupita mikononi mwa watu wengi, majalada yamenyofoka na kurasa za mwisho hazipo. Nasi vijana tulivisoma kwa zamu, na mwisho uliokosekana tukautunga wenyewe. Ndani ya vitabu vile, vya upelelezi na vya mahaba, mwanamume ampendaye mwanamume mwenziwe alikuwa nadra kuonekana, na akionekana alikuwa amewekwa apate kuchekwa, au kuchukiwa, au kufa. Wala sikupata kumkuta hata mmoja mwenye mama wa kumpikia ugali, mwenye shamba la mahindi, mwenye kwenda kanisani Jumapili au msikitini Ijumaa, kama walivyokwenda wale niliowajua mimi hapa hapa Ukaguru.

Hiyo ndiyo sababu iliyonitia kalamu mkononi. Katika miaka ya themanini niliandika, katika madaftari ya shule, hadithi ya fundi baiskeli na mwalimu wa shule ya msingi waliopanga nyumba moja, wakapendana, wakazeeka. Na kwa kuwa sikuwa na azma ya kumfadhaisha mtu, mengi niliyoyaandika yalikuwa habari za njaa, na mvua, na deni la duka, penzi lao likiwa humo kama chumvi katika chakula. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake nalihifadhi kwa staha, alinijibu kwa barua ya adabu sana, akaisifu lugha, kisha akanishauri kwamba mswada ungeweza kufikiriwa iwapo mmoja wa wale wawili angekufa, ama wote wawili wangetubu kabla ya ukurasa wa mwisho. Sikukubali, kwa maana nilikuwa nimekaa nao muda mrefu, na kumwua mtu ili mimi nipate jina niliona ni dhuluma.

Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba sharti hilo ni la kale na halikuanzia kwetu. Mwingereza E. M. Forster alimaliza kuiandika riwaya yake Maurice mwaka 1914, akaificha uhai wake wote, kwa sababu alikuwa ameazimia kwamba wapenzi wake wawili waishi pamoja kwa furaha, naye alijua kuwa lau angewaangamiza, kuchapishwa kungekuwa rahisi zaidi. Ikatoka mwaka 1971, mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Na mwaka huo huo wa 1971 ndipo Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Rosa Mistika, kitabu kisichohusu kabisa mapenzi ya jinsia moja, ila kilichonena waziwazi juu ya mwili na aibu hata kikapigwa marufuku shuleni, kisha marufuku ikaondolewa na walimu wakakisomesha. Rosa naye hakusalimika. Lakini mimi nilijifunza hapo kwamba mlango uliofungwa kwa kitabu waweza kufunguliwa mwandishi angali hai.

Upepo ulianza kugeuka kwa jirani zetu. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi yake Jambula Tree, ya wasichana wawili wapendanao jijini Kampala; na Januari 2014 Binyavanga Wainaina wa Kenya, aliyekwisha kuipata tuzo hiyo mwaka 2002, aliandika hadharani jinsi ambavyo angemwambia mamaye, katika saa zake za mwisho, lile ambalo hakuwahi kumwambia. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa filamu ya Rafiki, iliyotokana na hadithi ile ya Monica, na bodi ya filamu ya Kenya ikataka mwisho wake ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini. Kahiu akakataa, filamu ikapigwa marufuku, kisha mwezi Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na watu wa Nairobi wakazijaza kumbi. Habari hizo ziliponifikia Gairo niliikumbuka ile barua yangu neno kwa neno.

Kwangu mimi mageuzi yalikuja kwa simu. Waandishi wa simulizi nchini walipoanza kuuza hadithi sehemu kwa sehemu kwa WhatsApp, malipo yakipita M-Pesa, nami niliyachapa upya madaftari yale, nikayatoa kwa jina la kalamu. Kutangaza kitabu cha namna hii ni kazi ya hadhari: hakuna uzinduzi, wala picha ya mwandishi, wala mahojiano ya redio, ila msomaji mmoja kumnong'oneza mwingine, kwani sheria yetu inataja kifungo cha maisha, na Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, hata serikali ikabidi iseme hayo ni maoni yake mwenyewe. Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipoviondoa shuleni vitabu 16 kwa hoja ya maadili, baadhi ya wasomaji wangu walifuta kila nilichowapelekea, na wengine wakarudi baadaye kuomba upya. Dereva mmoja wa lori, apitaye njia yetu ya Dumila na Kibaigwa, aliniandikia: "Mwandishi, shikamoo. Nimemaliza usiku huu nikiwa nimeegesha gari. Fundi hakufa. Ahsante."

Linalonisikitisha ni kwamba vitabu vyetu vyenye sifa katika uwanja huu, vikiwamo vya Diriye Osman, Msomali aliyekulia Nairobi, na mkusanyo wa Queer Africa wa mwaka 2013 uliotoka Afrika Kusini, vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali dereva yule na fundi wangu wanasoma Kiswahili. Basi nawasihi vijana mnaoandika: andikeni kwa lugha hii, kwa majina yenu au kwa majina ya kalamu, na mchapishaji akiwataka mmwue mmoja wao, uchukueni mswada wenu mwende kwingine.