Baraka: kijana wa ujenzi, karatasi ya kutia sahihi na wazee waliomwongoza

Katika mji wa Baraka, wilaya ya Fizi, vijana wanaorudi na diploma za ujenzi wameongezeka. Wengine walisoma Bukavu, wengine Lubumbashi au Kinshasa. Wapo pia walioanzia masomo ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wazazi wao wakiwa wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Wakifika hapa, kazi wanayoipata mara nyingi ni mkataba wa miezi mitatu wa kusimamia shantie: darasa, vyoo, kisima, au nyumba za muda za familia zilizokimbia vita milimani.

Mara nyingi shantie kama hiyo haina mkubwa wa kuwaonyesha. Shuleni walifundishwa kupiga hesabu ya nguzo. La kufanya pale mkubwa wa kazi anapokuletea karatasi saa kumi na moja jioni na kusema "tia sahihi tu, gari linaondoka," hawakufundishwa.

Kijana mmoja wa hapa, mwenye licence ya ujenzi aliyoipata Bukavu, alijikuta hapo hapo. Alikuwa anasimamia ujenzi wa darasa moja na ofisi ya mkurugenzi, si mbali na ziwa, kwenye shule inayopokea watoto wengi wa familia zilizohama. Alitumwa Uvira kwa siku tatu kufuatilia vyuma na mabati. Aliporudi alikuta msingi umekwisha kumwagwa betoni na kufunikwa udongo. Karatasi ya kupokea kazi ilikuwa tayari. Iliandikwa kwamba msingi una unene wa sentimita 20 na kwamba betoni ilichanganywa inavyotakiwa. Pa kutia sahihi palikuwa na jina lake.

Akaomba kungoja hadi asubuhi. Jioni hiyo akapanda pikipiki hadi kwa mzee mmoja, mhandisi mstaafu aliyejenga barabara na madaraja tangu wakati wa Zaire. Vijana wa ujenzi humwendea siku ya Jumamosi, na yeye huwapokea barazani bila kuwadai kitu.

"Papa, nitie sahihi au nikatae?"

Mzee hakujibu. Aliuliza msingi una urefu gani kwa jumla. Mita 40. Upana? Sentimita 40. "Sasa piga hesabu, mwanangu. Depo walitoa mifuko mingapi ya simenti?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na hata mzazi ambaye shule ya mtoto wake inajengwa anaweza kuifuata. Mita 40 mara 0.4 mara 0.2 ni mita za ujazo 3.2. Betoni ya vyuma huku kwetu huwekwa kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko saba ya kilo 50. Kwa hiyo ilitakiwa mifuko 22 na nusu. Kijana alikuwa na picha ya daftari la depo kwenye simu yake. Mifuko iliyotoka ilikuwa 14.

"Wameiba," akasema mzee. Akamwambia asitie sahihi kwa jambo ambalo hakuliona kwa macho, bali aandike juu ya karatasi hiyo hiyo: siku ya kumwaga sikuwepo, daftari linaonyesha mifuko 14, naomba pachimbwe mashimo mawili tuangalie. Bila tusi, bila kumtaja mtu. "Hasira uiache hapa barazani. Karatasi iandikie unachokijua tu."

Asubuhi kijana aliandika hivyo. Mkubwa wa kazi alinuna, lakini mashimo yalichimbwa.

Hapo ikaonekana kwamba mzee naye alikosea. Betoni ilikuwa nzuri, ngumu, mchanganyiko wake sawa. Ila ilikuwa nyembamba: sentimita 12 hapa, 13 pale. Ukirudia hesabu kwa unene huo unapata kama mita za ujazo mbili, na mara saba ni mifuko 14 kamili. Simenti yote iliyotoka depo iliingia msingini.

Aliyeeleza sababu ni masoni mkuu, mtu wa makamo ambaye ufundi wake aliuanzia kwa matofali ya udongo huko Nyarugusu. Walipochimba mtaro, alisema, maji yaliibuka kabla ya kufika kina kilichoandikwa kwenye plani. Pampu hakuna. Aliyekuwa na ruhusa ya kuamua hakuna. Wakajaza mawe na mchanga mpaka pakavu, nafasi iliyobaki ndiyo wakamwaga betoni. "Kaka enjinia, ungekuwepo ningekuuliza. Hata kabla hujaenda, hukuwahi kuniuliza kitu." Maneno hayo yalimwuma kijana kuliko kununa kwa mkubwa wake, na hakika alistahili. Kwa mwezi mzima alikuwa akipita na plani mkononi, anawasalimia mafundi na kuendelea.

Siku hizo hizo alimtumia sauti kwa WhatsApp mama mmoja msanifu majengo aliyeko Bukavu, mwenye miaka mingi kazini. Mama aliomba picha ya plani. Alipoiona akasema plani hii imechorwa kwa udongo wa mlimani, mchoraji hajakanyaga Baraka. Kwa wasanifu chipukizi ana neno moja analolirudia: kabla ya kuchora, nenda kiwanjani masika, simama, uliza wenyeji maji yalifika wapi.

Swali hilo si dogo kwenye mwambao huu. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie, na mvua zikizidi miaka mfululizo maji hupanda na kukaa. Uvira waliona usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu. Tena ardhi yenyewe hutikisika: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea chini ya ziwa na nyumba zikaanguka Kalemie. Msingi mwembamba juu ya udongo wenye maji huanza kwa ufa mdogo juu ya mlango. Watu huupaka chokaa.

Ng'ambo, Tanzania, bodi ya kusajili wahandisi ina utaratibu: anayemaliza chuo hufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mwenye uzoefu kabla ya kusajiliwa kamili, na huandika ripoti ya aliyojifunza. Kijana wa Baraka ana baraza la mzee, simu ya mama wa Bukavu na masoni, kama atamuuliza. Mzee anasema yeye mwenyewe, alipoanza, alifundishwa na msimamizi mmoja wa barabara ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, na kwamba kosa lake la juzi la kusema "wameiba" kabla ya kuona shimo ndilo alilokuwa akigombezwa wakati huo.

Shantie ilisimama siku kumi na moja. Pampu iliazimwa, mtaro wa kutoa maji ukachimbwa upande wa ziwa, betoni nyembamba ikavunjwa, msingi ukamwagwa upya sentimita 20 na sakafu ikainuliwa. Darasa sasa lina watoto.

Lakini siku hizo kumi na moja vibarua hawakulipwa. Wengi wao ni watu waliohama, wanaokula jioni walichokipata mchana. Mama mmoja aliyekuwa akibeba maji ya kuchanganyia betoni alimfuata kijana sokoni akamwambia: "Wewe ulisema ukweli, mwanangu, sikatai. Mimi watoto wangu walilala njaa." Kijana alipompelekea mzee jambo hilo, mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuliwekea hesabu.

Mkataba wa kijana ulipokwisha haukuongezwa. Hakuambiwa sababu. Siku hizi anafanya kazi ndogo ndogo pamoja na masoni yule yule, nyumba za watu binafsi, na daftari lake la shantie analijaza kila jioni: mifuko iliyotoka, nani alikuwepo, maji yalionekana kwenye kina gani.

Juzi ameandaa devi ya vyoo vya zahanati moja. Kati ya mchanga na vyuma ameweka mstari wa malipo ya vibarua kwa siku ambazo kazi itasimama bila kosa lao. Mwenye kazi ameufuta. Kijana ameurudisha, na devi bado iko mezani.