Siku Tatu za Pripyat

Kazi ya kufasiri imenifunza kuliogopa neno dogo kuliko neno kubwa. Neno kubwa hujitangaza. Msomaji husita, akaliuliza maana. Neno dogo hupita kimya, nalo aghlabu ndilo libebalo hatima ya watu. Neno moja la namna hiyo limekaa nami miaka mingi: "kwa muda".

Lilisomwa redioni katika mji wa Pripyat, Ukraine ya enzi za Muungano wa Kisovieti, tarehe 27 Aprili 1986. Wakaazi wapatao 49,000 walitakiwa wahame kwa muda, wachukue hati zao na chakula kidogo. Wengi walidhani ni siku tatu. Waliwaacha hata paka na mbwa wao. Mji ule haujakaliwa tena.

Mimi si mtu wa sayansi, wala sikusoma chuo chochote. Nijuayo nimeyaokota vitabuni. Nayo ni haya. Usiku wa kuamkia tarehe 26, saa saba na dakika 23, kinu nambari 4 cha Chernobyl kiliripuka, tena katikati ya jaribio la usalama. Wahandisi walitaka kujua kama, umeme ukikatika, mashine ingeweza kuendesha pampu za maji ya kupozea kwa mzunguko wake uliosalia. Nguvu ya kinu ikashuka kupita kiasi. Ili kuipandisha, vikatolewa takriban vijiti vyote vya kuidhibiti. Mwisho wakabonyeza swichi ya dharura ili vijiti virudi ndani. Lakini vijiti vile vilitanguliwa na grafiti, nayo, katika hali ile, iliichochea nguvu badala ya kuizima. Breki yenyewe ikawa mafuta ya moto.

Kasoro hiyo ilikwisha kuonekana mwaka 1983, katika majaribio ya kinu cha Ignalina, Lithuania. Wakubwa waliijua, waliokaa zamu hawakuelezwa. Kwanza lawama zote zikawaangukia hao wa zamu, hadi mwaka 1992 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipokiri kuwa ubunifu wa kinu chenyewe ulikuwa na makosa makubwa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Moscow ilinyamaza hadi jioni ya tarehe 28, baada ya mionzi kugunduliwa kule Sweden. Mei mosi watoto waliandamana Kiev kwa nyimbo na maua. Wazimamoto na wafanyakazi 28 walikufa kwa mionzi mwaka uleule. Na vijijini ng'ombe walikula majani yaliyoangukiwa na iodini yenye sumu, ambayo hupungua kwa nusu kila siku 8. Lau wazazi wangeambiwa wawazuilie watoto maziwa kwa wiki chache tu! Hawakuambiwa kwa wakati. Maelfu ya watoto wale waliugua baadaye saratani ya tezi ya shingo.

Chornobyl, kwa Kiukraine, ni jina la mmea mchungu, ndugu wa ule ambao wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliuita pakanga. Wapo walioona unabii katika jina hilo. Mimi naona hatari ya kumtupia nyota ya mbinguni dhambi iliyofungiwa katika makabati ya ofisi.

Mwaka 2024 wakaazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia katika pwani yao. Sina elimu ya kuvihukumu vinu vya leo, ambavyo havikuundwa kama kile cha Chernobyl. Ila najua kuwa mvuvi anayeuliza hafanyi ukaidi. Anadai haki waliyonyimwa mama wa Pripyat: kuelezwa mapema, kwa lugha aielewayo, kinu kina kasoro gani, ni nani atakayemwamsha usiku kikiharibika, na hiyo "kwa muda" ni muda gani.