Magari ya Picha: Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Msafiri atokaye Tanzania na kuvuka mto Songwe pale Kasumulu hachelewi kuyaona magari yenyewe. Malawi haina bandari ya bahari. Mengi ya magari yake yaliyokwisha tumika hutoka Japani, na yale yanayoshushwa Dar es Salaam huendeshwa na madereva kupitia Mbeya na Tukuyu hadi mpakani. Kwetu tumezoea kuyaita IT. Gari la namna hiyo, hata likiwa limejaa vumbi, ni la kweli: namba yake ya chasisi waweza kuigusa kwa kidole. Taabu huanza kwa gari lililomo ndani ya simu tu.

Ukishapita Karonga, Mzuzu, Kasungu na Mponela unaingia njia ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kabla ya Lilongwe. Hapo palikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, na jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kama neno la mfungwa aapaye kuacha. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu elfu kumi na kitu. Leo wapo zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mswahili hapotei hapo. Mwamkie mtu wa Uvira kwa shikamoo, huenda akakujibu "jambo sana", na mazungumzo yakaendelea bila ugomvi.

Sasa yafaa ieleweke kwa nini mahali hapa pana manufaa kwa mlaghai. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilitoa tahadhari juu ya baadhi ya vifungu, kikiwamo kile cha uhuru wa kwenda utakako. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuuza mijini warudi Dzaleka. Basi mtu aliyedunduliza fedha miaka kadhaa apate pikipiki ya kabaza, yaani ya kubebea abiria, hawezi kuamka tu asubuhi akaenda Lilongwe kuikagua. Anaitazama katika simu. Muuzaji anamwambia kwamba wanunuzi wengine wawili wako njiani, na kwamba akituma rubuni saa hiyo hiyo atawekewa. Fedha zikifika, simu haipokelewi tena.

Na Lilongwe ni mji unaomsaidia mwongo. Ulifanywa makao makuu mwaka 1975 badala ya Zomba, ukagawanywa katika maeneo yenye namba zisizofuatana kwa ujirani. Mgeni akiambiwa gari liko Area 25 au Area 47, hana la kupinga. Hapana budi atafutwe ndugu au fundi aliye huko, aende mchana, aliwashe gari, aisome chasisi mwenyewe na kuilinganisha na kadi. Kisha muuzaji na mnunuzi wafuatane hadi ofisi ya usajili, na fedha zilipwe hapo. Muuzaji anayekataa safari hiyo amekwisha kujibu swali. Auliziwe pia ushuru: gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi laweza kumletea mnunuzi deni asilolitazamia.

Wanaoagiza Japani moja kwa moja wana balaa jingine. Dola ni adimu Malawi. Mwezi Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Kwa hiyo hutokea dalali anayesema, nipe kwacha hapa, dola zitalipwa kule. Mtu wa namna hiyo mimi nisingempa hata nauli ya basi. Walaghai wengine huiba picha za kampuni halali, wakaweka bei ya chini mno, na akaunti yao ikawa kwa jina la mtu binafsi au katika nchi isiyo Japani. Chama cha wauzaji wa magari wa huko, JUMVEA, hutangaza majina ya kampuni za udanganyifu. Ni vema kuyatazama kwanza. Na ikiwa katikati ya mapatano inakuja barua ya kusema akaunti imebadilika, ipigie kampuni kwa namba uliyoipata mwanzoni, si ile iliyomo ndani ya barua hiyo.

Anayeuza naye asijione salama. Ujumbe wa simu usemao fedha zimeingia waweza kuandikwa na yeyote. Atazame salio lake kabla ya kutoa ufunguo. Kujaribu gari, apande pamoja na mnunuzi.

Aliyekwisha kutapeliwa aipigie kampuni ya simu mara moja, aombe fedha zizuiwe kabla hazijatolewa, ndipo aende polisi na namba iliyopokea pamoja na mazungumzo yote. Malawi inayo sheria ya miamala ya elektroniki ya mwaka 2016, lakini wengi huyafuta mazungumzo yale kwa hasira siku ile ile.