Khabari ya Bunju

Khabari hii nimekaa nayo tangu utotoni, na leo nimeona heri niiandike, kwani watoto wa pwani wangali wakicheza mchangani.

Ami yangu alikuwa mvuvi. Bunju alipoingia katika wavu wake, akajifura tumbo kama mpira, ami alimtupa mchangani na kutuonya tusimguse. Siku moja nilimwokota. Mimi na mwenzangu wa chuoni tukamchoma kwa moto wa makumbi, naye akala ini. Haukupita muda midomo yake ikafa ganzi, kisha ulimi, kisha miguu ikakataa kumchukua. Jioni alilala kimya, hata kope hazitikisiki, na wazee walikwisha kunong'ona juu ya sanda. Daktari ndiye aliyetambua kuwa roho ingalimo. Wauguzi wakapokezana kumpulizia pumzi kwa mfuko wa mpira usiku kucha. Asubuhi alitikisa kidole.

Alipoweza kusema alitwambia kwamba alisikia yote, hata habari ya sanda.

Jambo hilo lilinishangaza miaka mingi mpaka nikasoma sababu yake. Sumu hiyo, ambayo Mjapani Yoshizumi Tahara aliipa jina la tetrodotoksini mwaka 1909, asili yake ni vijidudu, na bunju huipata katika chakula chake. Mishipa yetu ya fahamu ina milango midogo mno ipitayo chembe za sodiamu, na kwa kupita kwake ndipo ujumbe husafiri. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake huko Marekani, wakitumia mishipa ya kambakoche, walionyesha ya kuwa sumu huziba milango hiyo, na ile ya potasiamu huiacha wazi. Basi amri ya kupumua haifiki kifuani. Lakini haipenyi kwa wepesi katika ubongo, na milango ya moyo huikaidi. Kwa hiyo mtu huweza kulala kama maiti naye yu macho. Moto wa jikoni hauivunji, wala haina kiuasumu: mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe.

Sumu ya konokono mmoja wa baharini, izibayo milango ya kalsiamu, imefanywa dawa ya maumivu makali, nayo iliruhusiwa Marekani mwaka 2004.

Haya yote nilimsomea mwenzangu barazani. Akasikiliza, kisha akaniuliza:

"Na ini lile, wewe hukulila kwa nini?"

Sikumjibu.