Waya, Mashine na Sikio la Fundi

Waliofanya kazi gereji enzi za Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakumbuka kipande cha waya. Chini ya boneti kulikuwa na kiboksi chenye matundu. Fundi aliunganisha TE1 na E1, akafungua swichi bila kupiga stata, kisha akaikodolea macho taa ya injini. Ikimemeta mara mbili, ikatulia, ikamemeta mara moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni. Lakini kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, na fundi wa Toyota akiletewa gari jingine alianza upya. Marekani ndiyo iliyokata mzizi wa fitina, ikalazimisha magari ya kuanzia 1996 yawe na soketi moja ya pini 16 na namba za hitilafu za pamoja. Shabaha ilikuwa kudhibiti moshi. Mafundi walinufaika tu.

Tangu hapo husemwa kwamba mashine inayochomekwa kwenye soketi hiyo kusoma namba imemnyang'anya fundi kazi yake. Mimi naona imemwongezea. Namba P0171 inasema tu kuwa hewa imezidi petroli. Haisemi kama mpira wa hewa umepasuka au pampu ya mafuta imechoka, na anayekimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa anamuua mjumbe. Fundi makini huiacha injini ingurume bila kukanyaga mafuta, akatazama kwenye mashine kompyuta ya gari inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Ikiwa nyongeza ni kubwa injini ikiwa imetulia, na inapungua akikanyaga mafuta, atafute hewa inapopenya. Ikizidi gari linapobeba mzigo, aelekee kwenye pampu na filta.

Hata taa ya upepo wa matairi haijitoshelezi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, baada ya ajali za Ford Explorer zenye matairi ya Firestone, na kiwango kilichofuata kinataka taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Tairi la psi 32 linaweza kufika 24 dereva akiwa hana habari. Tena yapo magari yasiyo na sensa yoyote ndani ya rimu: hulinganisha mizunguko ya magurudumu kwa kutumia sensa za ABS, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huzunguka haraka zaidi. Humo ukitafuta sensa ya kubadilisha utatafuta mpaka kesho.

Pingamizi lenye uzito ni bei. Vifaa vya bei nafuu husoma injini, lakini vingi havifiki kwenye ABS wala havisajili sensa mpya ya tairi, na aliyenunua mashine kubwa lazima arudishe fedha yake. Ni haki atoze, mradi anachouza ni kuutafuta ugonjwa. Kusoma namba na kuifuta ni kazi ya dakika moja, na huondoka na rekodi ya hali ya injini hitilafu ilipotokea. Wauzaji wa magari yaliyotumika wanaijua mbinu hiyo vizuri, ila kufuta huacha alama: majaribio ya ndani ya kompyuta huonekana hayajakamilika. Mnunuzi na aombe kuonyeshwa ukurasa wa majaribio hayo kabla ya kutoa fedha.