Kicheko cha Mzumbe

Msiba ulinikuta Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, mbali na bahari. Baba alifariki Unguja asubuhi, akazikwa alasiri ya siku ile ile kama ilivyo ada yetu. Habari iliponifikia, kaburi lilikwisha kufukiwa. Siku nyingi zikapita, sina chozi wala tabasamu.

Mwenyeji wangu, bibi wa Kiluguru, hakuridhika na hali hiyo. Jioni moja akaniambia, "Mjukuu wangu, vaa viatu. Leo kuna vichekesho."

Nikamjibu kwamba mfiwa haendi kucheka.

"Labda huko kwenu. Kwetu mtani huja matangani akamwiga marehemu, akadai na pesa juu yake, na wafiwa hucheka wasitake. Wala mtani hakasirikiwi."

Tukenda. Ukumbi uliezekwa mabati, watoto wameketi chini mbele ya viti. Waigizaji hawakuwa na kitabu. Walikuwa na mkasa tu, na maneno wakiyatunga papo hapo, kama ilivyokuwa desturi ya vichekesho tangu vilipokuwa vikitiwa baina ya nyimbo za taarabu. Ndiyo sanaa aliyoichota Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alipoandika mchezo wake Alikiona, uliochapishwa mwaka 1970.

Akatoka mzee bahili, mto tumboni, kofia imekaa upande. Alirudishiwa chenji ya mkate, akaihesabu mara tatu, akalamba kidole, akaanza tena. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilishika kiti. Hivyo hivyo ndivyo baba alivyohesabu kila arudipo kutoka Darajani, kidole hicho hicho! Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko. Bibi hakunigeukia, alinisogezea ncha ya kanga yake, macho yake yakiwa jukwaani.

Ndugu msomaji, sisi watu wa visiwani tumefunzwa kuustahi msiba kwa kunyamaza, na adabu hiyo siibezi. Lakini ukimya wangu ulikuwa umemzika baba mara ya pili. Yule mchekeshaji asiyemjua alinirudishia sura yake kwa dakika chache, nikapata wa kumlilia.

Njiani bibi alininyooshea kiganja. "Toa haki ya mtani."

"Bibi, Waluguru na Waunguja wana utani tangu lini?"

"Tangu leo."

Nikampa sarafu nilizokuwa nazo. Akasimama chini ya taa ya duka, akazihesabu mara tatu, akalamba kidole.