Usimchape fundi, mzazi mwenzangu

Mpenzi msomaji, umewahi kurudi nyumbani jioni ukakuta redio imefunguliwa, nyaya zimetapakaa sakafuni na mtoto amejificha nyuma ya mlango? Ulifanya nini? Usinijibu. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kufanya vivyo hivyo.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikwenda Adu, bara ya Malindi, kumtembelea dada yangu. Nilikuta boma zima limenuna. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14, pamoja na wanafunzi wenzake watatu, walikuwa wameunda gari. Si gari la waya na makopo kama yale tuliyosukuma sisi utotoni. La hasha! Hili lilikuwa na fremu ya mbao, magurudumu ya baiskeli kuukuu na mota ya waipa iliyong'olewa katika pikapu mbovu. Nalo lilitembea kwa umeme. Walishindana na mtoto mdogo aliyekuwa akikimbiza ringi, akawashinda, kisha betri ikaisha.

Betri hiyo ndiyo iliyoleta balaa, kwani ilikuwa ya sola ya nyumbani. Usiku huo dada yake, mtahiniwa wa kidato cha nne, alikosa taa ya kusomea.

"Mjomba umefika," shemeji aliniambia, ufito mkononi. "Mwambie mwanao, akitaka magari aende Mombasa akawe utingo."

Nilikohoa, tayari kuhubiri. Kijana akaniwahi: "Mjomba, betri ilikuwa imejaa. Mbona imeisha upesi hivyo?"

Ama kweli, diploma yangu yote haikuwa na jibu. Nilimsihi shemeji aweke ufito chini, nikarudi mjini kutafuta.

Ndipo nilipojua kwamba swali la mpwa wangu ni mchezo mzima wa shule kwingineko. Tangu mwaka 1999, huko Uingereza, kuna mashindano yaitwayo Greenpower. Wanafunzi huunda magari ya umeme wenyewe na kuyapeleka uwanjani. Wale wa umri wa miaka 11 hadi 16 hutumia mota ya volti 24 na betri mbili za volti 12. Mota ni ya aina moja kwa kila timu, na betri pia. Anayeshinda ni atakayekwenda mbali zaidi kabla ya muda uliowekwa kwisha.

Sasa fikiri, msomaji. Ikiwa wote wana nguvu sawa, mshindi hupatikanaje? Ni yule asiyepoteza. Gurudumu likipinda, umeme unapotea. Breki ikigusa ringi au tairi ikikosa upepo, umeme unapotea. Ukiongeza kasi maradufu, upepo hukukabili kwa nguvu mara nne, ndiyo sababu magari hayo ni mafupi na membamba, na dereva huketi kama aliyelala. Na ukiikamua betri kwa pupa, hukupa kidogo kuliko ungeitumia polepole.

Niliposoma hayo nilimkumbuka dada yangu. Adu ni kukavu. Maji hutoka mbali. Akiwa na mtungi mmoja, maji aliyooshea mboga humwagia mche wa mpapai. Hakuna tone liendalo bure. Mama huyo angekuwa kocha hodari wa timu yoyote ya Greenpower!

Usidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wao wa Chuo Kikuu cha Makerere, hapo Uganda, walitoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Mwaka 2016 mradi huo ukaonyesha basi la umeme linalosaidiwa na jua, liitwalo Kayoola. Nasi je? Hapo Ngomeni, katika Magarini hii hii, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa angani tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa ya Wamarekani, na waliorusha ni Waitaliano. Wazee wetu walikuwa watazamaji. Je, watoto wetu nao wabaki kutazama?

Sisemi kosa lisikemewe. Betri ile haikupona, kwa kuwa betri ya asidi ikikaushwa kabisa huharibika. Tulikaa kikao. Shemeji nami tulichanga ya kununulia nyingine, na vijana wakatoa fungu lao kwa kuwatekea majirani maji. Sheria ikawekwa: taa ya mtahiniwa haiguswi. Ile mbovu ya zamani wakapewa, waichunguze watakavyo, lakini asidi yake wasiiguse kamwe.

Mzazi mwenzangu, wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Huyu hakulilia wembe, alililia mota. Mtengee kona yake na redio iliyokufa. Akikuuliza swali usilolijua, mwambie hujui, kisha mkatafute pamoja. Ufito ungemfunza jambo moja tu: asiulize tena.

Juzi alinipigia simu. Wamenyoosha ringi, wamelegeza breki, na dereva sasa hulala chali. Mwalimu wao amewaahidi betri ya kuazima.

"Mjomba," akasema, "mwambie yule mtoto wa ringi ajitayarishe."